YAH: MALALAMIKO KUHUSU TABO ISIYOFAA NILIYOUZIWA KWA GARI LA MICHEZO

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nilipoagiza kwenu mtambo wa kuiongezea nguvu injini ya gari langu kwa kuisukumia hewa zaidi, nilieleza kwa maandishi kwamba naendesha barabara zenye kona nyingi, na ninachotaka ni injini iitike papo hapo ninapokanyaga mafuta, hata ikiwa kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika. Kasi kubwa sikuiomba. Mshauri wenu akanijibu kwamba supachaja na tabo ni kitu kimoja, tofauti ni bei tu, kisha akanichagulia tabo kubwa.

Jibu hilo ndilo ninalolilalamikia. Supachaja huzungushwa na mkanda unaotoka kwenye krenkishafti, yaani mhimili mkuu wa injini, hivyo injini ikizunguka nayo inazunguka. Ni kweli inakula sehemu ya nguvu za injini yenyewe na mafuta yanaenda zaidi. Hayo nilikuwa tayari kuyabeba. Tabo huzungushwa na moshi wa eksozi. Inatumia nishati ambayo ingepotea bure, ndiyo maana magari mengi ya kiwandani siku hizi yanayo, lakini sharti moshi uwe wa kutosha kwanza. Na kadiri tabo inavyokuwa kubwa, ndivyo inavyochelewa kushika kasi.

Gari langu sasa liko hivi: natoka kwenye kona, nakanyaga mafuta, mshale wa geji ya presha ya hewa inayosukumwa na tabo umelala. Injini inapita 3,500, bado kimya. Ikikaribia 4,000 mshale unaruka ghafla na matairi ya nyuma yanateleza wakati usukani bado nimeukata. Mtu anaweza kufa hapo.

Isitoshe, injini yangu ina mgandamizo mkubwa, wa 11 kwa 1 (hewa na mafuta hubanwa hadi sehemu moja ya kumi na moja ndani ya silinda), na niliandika hivyo kwenye fomu yenu. Ukiisukumia hewa ya ziada injini ya namna hiyo bila kurekebisha programu ya kompyuta yake, mafuta yanaweza kulipuka ovyo ndani ya silinda hadi pistoni zikaharibika. Mlinitumia tabo bila programu wala intakula, kile kifaa cha kupoza hewa kabla haijaingia kwenye injini. Hata bomba la oili ya kulainisha beringi, kwenye kifaa kinachoweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, lilifika bila vifungio. Fundi wangu ndiye aliyegundua, akakataa kuwasha gari mpaka vyote vipatikane, na gharama nikalipa mimi.

Naomba mrudishe fedha zangu pamoja na gharama hizo, au mnibadilishie kwa supachaja ya Roots au ya skrubu, aina zinazosukuma hewa ya kutosha tangu mizunguko ya chini, pamoja na programu yake. Ile ya sentrifugo msiniletee, kwa kuwa presha yake hupanda kadiri injini inavyokimbia, nami nitabaki na tatizo lile lile kwenye mizunguko ya chini.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Nimeambatisha nakala ya fomu ya oda, majibu ya mshauri wenu na taarifa ya fundi.

Wenu,
Mteja