Kalimati za Idi zisikutishe

Isevya, Tabora
Jumapili jioni

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie huko Ujiji, wewe, shemeji na wanangu wote. Huku kwetu sote wazima. Mama goti linamsumbua kidogo lakini anatembea, na kazi za kliniki ni zilezile. Barua yako nimeisoma, nikarudia, kisha nikamsomea mama. Akaniambia, "Mjibu leo leo, asije akajitesa bure." Ndiyo maana naandika kabla hata ya kupika.

Umesema daktari alipokuambia presha imepanda na mwili upungue, uliapa hutagusa kitamu tena: soda, keki, halua, visheti, kashata, vyote marufuku. Ukashika kiapo wiki tatu. Ikaja harusi ya jirani, kalimati zikapitishwa, ukala moja, na baada ya hiyo moja ukaona mambo yameshaharibika. Basi ukala mpaka sahani ikaisha, na usiku ukamalizia biskuti za watoto. Asubuhi mzani ukasoma kilo moja zaidi. Sasa unataka kuapa upya, tena kiapo kikali kuliko cha kwanza, mpaka Idi ipite bila kuonja chochote.

Somo, nakuomba usiape.

Kilichokuangusha ni kile kiapo. Ungekuwa umejiruhusu kalimati tatu tangu ulipotoka nyumbani, ungekula tatu, ukanawa mikono, ukarudi kupiga vigelegele na wenzako. Ulimaliza sahani kwa sababu ile ya kwanza ulishaihesabu kuwa dhambi, na mtu akishaona ametenda dhambi haoni tena tofauti ya moja na kumi. Hapa kliniki nawapokea kina mama wengi wa namna hiyo. Mwezi wa kwanza mtu anakuja ameacha kila kitu, anajisifu kwa haki kabisa. Mwezi wa pili haji, maana alikula keki kwenye sherehe ya mtoto na anaona aibu kupanda mzani mbele yangu. Wale ninaowaona wakipungua polepole na kubaki hapo ni wale walioutengea utamu nafasi yake, ndogo, inayojulikana, na wakaacha kugombana nao.

Na ile kilo moja iondoe moyoni. Kilo moja ya mafuta ya mwilini hubeba karibu kalori 7,700. Sahani ya kalimati, pilau ya harusi na pakiti ya biskuti kwa usiku mmoja haviongezi mafuta ya kiasi hicho. Ulichokiona kwenye mzani kwa sehemu kubwa ni maji, maana wanga mwingi na chumvi nyingi huufanya mwili ushike maji, na chakula chenyewe kilikuwa bado hakijatoka tumboni. Ungekula kama kawaida siku mbili tatu, ungeikuta imeshuka. Wewe badala yake ulishinda njaa kutwa nzima kujiadhibu, na najua jioni yake ulikula nini, umeniandikia mwenyewe. Pima mara moja kwa wiki, siku ileile, asubuhi ukitoka msalani na kabla ya chai. Ukipungua nusu kilo kwa wiki hiyo ni kazi nzuri sana. Na hata asilimia 5 tu ya uzito wako ikitoka, presha huanza kusikia nafuu. Kwa kilo zako 84 hizo ni kilo nne na ushee. Huhitaji kurudi ulivyokuwa tukiwa sekondari.

Sasa tuje kwenye chai. Nimesoma orodha ya vitu ulivyoviacha mara mbili, nikatafuta chai, sikuiona. Ninakujua: vikombe vinne kwa siku, kila kikombe vijiko vitatu, na kijiko chako si cha kusawazisha. Tufanye ni vya kusawazisha. Kijiko cha chai cha sukari ni kama gramu 4, kalori 16. Vijiko kumi na viwili ni gramu 48, karibu kalori 190, kila siku ya Mungu, na hata hukumbuki kama umekula kitamu. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2015: sukari tunayoongeza kwenye vyakula na vinywaji, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayokula kwa siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu anayekula kalori 2,000, hizo ni gramu 50, na 25 kwa lile lengo bora. Kwa hiyo wewe uliyeapa kutogusa kitamu ulikuwa unakaribia gramu 50 kwa chai peke yake, huku moyo unalia kwa kukosa kashata.

Punguza chai hadi vijiko viwili kwa wiki mbili, kisha kimoja. Usiruke moja kwa moja hadi sifuri, utaichukia chai na utarudi ulikotoka. Ulimi huzoea, na ukishazoea ile chai ya zamani utaiona imezidi. Ongeza tangawizi na iliki, chemsha na mdalasini, harufu yake inausaidia sana ulimi. Ukifika kijiko kimoja kwa kila kikombe utakuwa umeokoa vijiko vinane kwa siku, karibu kalori 130. Kipande kidogo cha kashata ya karanga, kile cha kutosha kiganjani, cha gramu 25 hivi, ni kalori hizohizo. Unaona nilipo? Nafasi ya kashata unayoipenda ilikuwa imekaliwa na sukari usiyoisikia hata ladha. Na kwa kuwa hutakula kashata kila siku, mara mbili kwa wiki inatosha, zile siku nyingine tano zilizobaki ndizo zinazokupunguza.

Soda endelea kuiacha, hapo sina ubishi na wewe. Chupa ya mililita 350 inaweza kubeba sukari ya vijiko vinane au tisa, na kinywaji kinapita bila kukushibisha, kwa hiyo chakula utakila palepale. Kama ni ya harusi na huna budi, gawaneni na shemeji.

Kuna jambo jingine ambalo hukuniuliza, nami nitalisema kwa kuwa ninakupenda. Mawese. Sombe ya kwenu, yaani kisamvu, bila mawese haipo, na sitakuambia uiache, maana hata mimi nikija huko hiyo ndiyo ninayoifuata. Lakini kijiko kikubwa cha mafuta yoyote, yawe mawese, alizeti au ya dukani yaliyosafishwa, kina karibu kalori 120. Nimekuona ukimimina kwa chupa moja kwa moja kwenye sufuria. Ukimimina vijiko sita pale ulipohitaji vitatu, umeongeza kalori 360 kwenye mboga ambayo hakuna anayeishtaki, halafu lawama yote inaiangukia halua. Kalimati na visheti pia hunyonya mafuta vinamokaangwa, shira inakuja juu yake. Pima mawese kwa kijiko, mambo hayo mawili tu, chai na mafuta, yatakufikisha mbali kuliko viapo vyote. Na kwa presha yako, migebuka na dagaa wa kukaushwa na chumvi waloweke vizuri, ubadilishe maji kabla ya kupika. Dawa za presha usiache hata mwili ukipungua, mpaka daktari mwenyewe aseme.

Umeuliza pia kama asali unaweza kula bila kipimo kwa kuwa ni ya asili. Mimi ni mtoto wa Tabora, nimelelewa na asali ya msituni ya Sikonge na Urambo, ile ya maua ya miombo, na hakuna anayeipenda kunishinda. Lakini sitakudanganya kwa ajili ya kuisifia kwetu. Asali karibu asilimia 80 yake ni sukari, inayobaki nyingi ni maji. Kijiko cha chai cha asali ni kizito, kinafika gramu 7, kalori 20 na zaidi, wakati cha sukari ni 16. Ukibadilisha kijiko kwa kijiko umeongeza, hujapunguza. Heri yake ni kwamba utamu wake unajaa mdomoni na una harufu, kwa hiyo nusu kijiko kinafanya kazi. Mimi huitia juu ya mtindi usio na sukari, bakuli dogo, baada ya chakula cha mchana. Hicho ndicho kitamu changu na sikibadilishi na kitu.

Embe usiliogope, anayekuambia matunda yanamnenepesha mtu sawa na keki anakupotosha. Ule mwongozo niliokutajia hauhesabu sukari iliyomo kwenye tunda zima. Lile embe lina maji na nyuzinyuzi, lazima ulitafune, na moja linakutosha. Likisagwa kuwa juisi ni habari nyingine: glasi moja inameza maembe mawili matatu, na mtu anaongeza sukari juu.

Wapo watakaokushauri ujibane siku sita, ya saba ujiachie. Mimi sikushauri. Ukipunguza kalori 300 kila siku kwa siku sita, umepata 1,800. Siku ya saba anza na maandazi manne, pilau sahani mbili, soda mbili, keki, usiku chipsi mayai, na hizo 1,800 zimerudi zote. Tena mtu anayesubiri Jumapili kwa hamu hivyo hula kwa pupa, hasikii hata ladha. Ni afadhali kitamu kidogo Jumatano na kingine Jumamosi, ukiwa umekaa, umeshiba, baada ya ugali na samaki au maharage. Ukila kitamu na njaa, hakuna kipimo utakachokikumbuka. Na usiweke akiba nyumbani. Kashata nunua moja kwa mama wa sokoni, ule palepale, urudi nyumbani mikono mitupu. Biskuti za watoto anunue shemeji, za siku hiyo hiyo, ziishe.

Basi Idi. Najua kwenu milango yote iko wazi na kila mlango una sahani, na mgeni anayekataa huonekana ana kiburi. Usikatae. Asubuhi kula chakula kamili nyumbani, usitoke na njaa ukidhani unaweka nafasi. Kisha amua mapema ni kitamu kipi unakipenda kwa dhati. Kama ni visheti vya dada yako mkubwa, basi hivyo ndivyo utakavyokula, vitano, kwa utulivu na sifa zake zote. Kwingine chukua kimoja, onja, msifie mpishi, kisha mwambie, "Naomba unifungie, nitakula baadaye na wanangu." Hakuna mama wa Ujiji atakayekasirika kwa kuombwa kufungiwa, anafurahi zaidi. Ukifika nyumbani wape watoto palepale, kabla hujavua baibui. Na ikitokea umezidisha, chakula kinachofuata kiwe cha kawaida. Usifunge kwa kujiadhibu, usiruke mlo. Siku moja ya Idi mwili unaimudu.

Jiandae pia kwa maneno ya watu. Ukianza kupungua watakuuliza kama unaumwa, kama kuna shida ndani ya nyumba, kama shemeji ameoa mke mwingine. Kwetu unene bado unahesabiwa ndiyo raha. Hayo hasa ndiyo yaliwarudisha nyuma baadhi ya kina mama ninaowahudumia, kuliko njaa. Mwambie shemeji mapema mpango wako wote ili naye awe na jibu. Nitakuombea uwe na moyo mgumu hapo, kwa sababu presha haiwaulizi majirani, na mimi nakutaka uzeeke nami.

Nimemkabidhi kijana wa dada yangu chupa ndogo ya asali, anakuja Kigoma na treni ya wiki hii. Nimeweka robo lita tu, kwa makusudi, wala usimwombe alete dumu. Atakupigia akishuka stesheni. Mrudishie chupa ukipata mtu wa kuja, na uniandikie Idi imepitaje na mzani umesema nini Jumatatu inayofuata, uwe umepanda au umeshuka.

Msalimie shemeji, wabusu wanangu.

Ni mimi somo yako,
Tabora