Mhariri, gari ya juu siyo gari ya tope

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo maana hili jambo ninalo moyoni tangu masika. Ukurasa wenu wa magari Jumapili mbili mfululizo mmesifia gari kwa maneno yaleyale, ni fowili (tairi zote nne zinavuta), ipo juu, inapita popote, mkaandika mpaka rangi ya viti, ila uvunguni hata hamkuchungulia. Mimi niliwahi kuyaamini hayo maneno yakaniacha kwenye tope na kanzu nyeupe.

Ilikuwa Aprili, tunaenda msibani Kisaki kwa njia ya Matombo, tupo watu watano. Gari nimeagiza mwenyewe Japani, mtumba, nyuma imeandikwa 4WD inang'aa na kwenye dashibodi kuna kitufe cha LOCK, cha kulazimisha tairi zote nne zivute. Tumepita Mvuha fresh tu, mbele tukakuta kipande cha udongo wa mfinyanzi malori yameshakichimba mitaro miwili. Nikabonyeza LOCK, bismillah, nikaingia. Ikaenda kama mita 30 hivi ikaanza kuserereka, tairi ya mbele kushoto inazunguka bure, nami kwa ujinga wangu nakanyaga mafuta, mara harufu ya kitu kinaungua, taa ya 4WD inawaka na kuzima, halafu tairi za nyuma zikagoma kabisa. Nikatafuta ile ringi ya kufungia kamba, kwenye buti haipo, nadhani ilibaki hukohuko Japani. Tumesimama hapo inapita Noah, Noah jamani, imejaza abiria mpaka kwenye buti, tairi za nyuma zimefungwa minyororo, konda anatoa kichwa dirishani anatuambia "mzee, hiyo fowili ya Mlimani City", yaani ya kuendea madukani Dar.

Nilikasirika sana, ila nilipokaa na fundi wangu akanielewesha nikaona kosa siyo la injinia. Hizi gari za familia zilizonyanyuliwa zina koplingi, kiungo kinachopeleka nguvu nyuma pale tu tairi za mbele zinapoteleza, na kikipata moto kinajikata chenyewe kisije kikaungua. Hata ile LOCK, nyingi ukifika kama kilomita 40 kwa saa inajitoa. Imetengenezwa ikutoe kwenye theluji mbele ya nyumba au kwenye majani yenye umande, na hiyo kazi inaifanya vizuri tu. Haina gia ya lo, ile ya kutambaa taratibu injini inavuta bila kuhangaika, na difu zake, zile zinazogawa nguvu tairi ya kushoto na ya kulia, zipo wazi, yaani nguvu inakimbilia tairi isiyo na kazi. Kuna elektroniki inayobana breki kwenye tairi inayozunguka ili nguvu ihamie upande wa pili, inasaidia, lakini kwenye tope refu breki nazo zinachemka. Na hapo bado sijasema habari ya wale wenye Toyota Harrier, ile tunayoiita tako la nyani, ambao hawajawahi kuuliza kama ya kwao ni fowili kweli, maana zilitoka za aina zote mbili, na kwa nje utazifananisha.

Sasa weka pembeni Toyota Land Cruiser mkonga, ile yenye bomba la hewa linalopanda hadi juu. Ile familia ya 70 imeanza 1984 na mpaka leo ni chesisi (fremu ya chuma iliyojitenga chini ya bodi), ekseli nzima ya nyuma, springi za majani, na kijiti cha kuingizia fowili na lo. Injini yake ya 1HZ, lita 4.2 bila tabo, haina haraka na kitu, kwenye mlima wa lami basi linakupita, na ukikaa viti vya nyuma kutoka Arusha mpaka Ngorongoro kiuno kitakusimulia. Lakini aliyeichora alikuwa anajua inakwenda wapi. Ikiharibika, fundi wa chini ya mwembe anaifungua kwa spana. Hapo ndipo ninapogombana na wanaosifia Land Rover Defender mpya ya 2019, hii isiyo na chesisi. Kwenye karatasi inamshinda babu yake, inaingia maji ya sentimita 90, siibishii. Ila sensa, kile kidude cha umeme cha kupimia, ikigoma Kisaki nani ana kompyuta? Kwetu huku gari ya porini inahesabiwa pamoja na fundi wake.

Na mkonga wenyewe unadanganya watu. Ule ni wa injini kuvuta hewa juu, hauigeuzi gari kuwa mtumbwi. Kiwango cha kiwandani kwa hizo 70 ni sentimita 70 za maji, zikizidi yanaanza kutafuta njia ya kuingia kwenye difu, na mto ukiwa na kasi hata hizo 70 usiziamini.

Nisiwabebe sana mainjinia pia, kuna mahali wanakosea kweli. Australia mwaka 2022 mahakama ya shirikisho iliona Toyota Hilux, Prado na Fortuner za dizeli za kuanzia 2015 mpaka 2020, zaidi ya 260,000, ziliuzwa na mfumo mbovu wa chujio la moshi. Lile chujio linatakiwa kujiunguza masizi lenyewe, ila gari ikiendeshwa kwa mwendo wa barabara kuu mfumo ulikuwa haufanyi kazi sawasawa, moshi mweupe unatoka na mafuta yanaliwa. Hizo siyo gari za kuigiza, ni za kazi kabisa, na kilichoziangusha ni kidude cha kwenye ekzosi. Kilichonifurahisha ni swali lenyewe la pale mahakamani, kwamba mnunuzi mwenye akili timamu angejua hilo kasoro angeikubali hii gari kuwa na ubora wa kuridhisha? Sisi hapa hilo swali hatuulizi, tunauliza bei na kilomita, basi.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo, mwandishi wenu akisifia gari alale chini aangalie. Ina chesisi au haina, ina lo au haina, difu inafunga au haifungi, tairi ni za lami au za tope, na mahali pa kufunga kamba pako wapi. Mistari mitano tu, hata mkipunguza ile ya redio na kamera ya nyuma.

Mimi nilitolewa na trekta ya wakulima wa mpunga, kwa kukosa pa kufunga wakafunga kamba kwenye mkono wa sospensheni, mpaka leo gari inavuta kushoto. Msibani tumefika watu wameshatoka makaburini.

Halafu hii ya Jumapili iliyopita, ile nyeupe, mlisema inapita popote. Ina lo?

Msomaji wenu, Morogoro