Shemeji kasema nikienda nitalia, nitawaharibia Krismasi

Anti shikamoo, samahani kwa saa hizi, sijalala. Jana jioni shemeji kapiga simu, yule mkubwa wao anayesimamia kila kitu tangu msiba wa mume wangu, akasema Krismasi watoto waje kwa babu yao, atawapokea Himo, ila mimi nibaki Dar nipumzike. Nikauliza kwa nini, akasema shemeji wewe ukija utalia tu, utawaharibia watu sikukuu, na mama presha yake si unaijua. Nikamwambia sawa. Ningesema nini na mimi kule ni mtu wa kuja?

Utalia tu. Hilo neno limenikaa kooni mpaka saa hii. Kwanza mimi sio mtu wa kulialia. Nimefiwa mwezi wa tatu na nilirudi kazini mapema maana ada haisubiri, na kazini hakuna aliyewahi kuona chozi langu. Nililia siku ya kuzika na siku ya kuanua matanga, nani halii siku hizo? Yeye mwenyewe alilia, nilimwona kwa macho yangu, kashikilia mgomba analia kwa sauti, na hakuna aliyemwambia anaharibu kitu.

Unajua Desemba ilivyo kwa hawa watu wa Kilimanjaro, pale stendi ya mabasi ya Magufuli Mbezi hapapitiki. Mume wangu kwenye hilo alikuwa haelewi mtu, hata mwaka alioachishwa kazi tulikopa nauli tukaenda kwao Marangu. Na sio nyama iliyokuwa inanipeleka mimi, ndafu na kisusio ni mambo yao, mbege hata sinywi. Kilichokuwa kinanipeleka ni ule mkesha wa tarehe 24. Tunaenda kwa miguu usiku, baridi ile, matope, tunamulika na simu, kanisa limejaa watu mpaka nje, yeye ananifunika na koti lake, wakianza kuimba mimi nilikuwa nasikia Mungu yupo, sijui nikuelezeje, yupo kabisa, sio kuambiwa.

Sasa hivi sisikii kitu. Kanisani kwetu huku mishumaa ya Majilio wameshawasha mpaka wa tatu, nakaa naiangalia tu. Mchungaji anahubiri Imanueli, Mungu pamoja nasi, watu wanasema amina na mimi nasema amina, halafu narudi nyumbani nakuta viatu vyake mlangoni (sijavitoa, na usinishauri nivitoe).

Kina mama wa jumuiya walikuja wakanisomea Zaburi 34, Bwana yu karibu nao waliovunjika moyo. Nawashukuru sana, na mchele walileta. Ila karibu wapi Anti? Hapa sebuleni kwangu au kule alikolala? Maana moyo unaniambia nikifika kule kihambani, si unajua wanazika hapo hapo nyumbani kwenye migomba, nikakaa pale, nikang'oa majani, nikaangalia kama yale masale tuliyopanda pembeni ya kaburi yameshika, nitamsikia Mungu tena. Halafu nawaza labda ninayemtafuta ni mume wangu na sio Mungu, na hapo ndo usingizi unakata kabisa.

Usiku huu nikasema nifungue Biblia nisome habari ya kuzaliwa kama tulivyokuwa tunasoma na watoto. Mathayo 2 kumbe kilio kimo humo humo. Herode kaua watoto wa Bethlehemu, Raheli anawalilia watoto wake, asitake kufarijiwa. Imeandikwa ndani ya Krismasi yenyewe! Mbona hakuna aliyemwambia Raheli anawaharibia watu sikukuu? Nikaenda Luka 2 nikamkuta yule Ana binti Fanueli, alikaa na mume miaka saba tu, akawa mjane mpaka uzee, miaka 84 imeandikwa pale, hatoki hekaluni, anafunga na kuomba, na Yesu alipoletwa akiwa mchanga mjane huyo alikuwepo. Alikuwepo Anti, na alitokea saa ile ile akaanza kumshukuru Mungu. Hakuambiwa abaki nyumbani apumzike. Hapo nililia, nakuambia ukweli, nililia sana, na kwa mara ya kwanza tangu nifiwe sikujiona niko peke yangu ndani ya hii nyumba. Imekaa kidogo tu. Nikakumbuka maneno ya shemeji, ikaondoka.

Watu wataniambia niende kwetu Singida. Siwezi. Nikitokea Singida Krismasi bila watoto kaka zangu watajua nimefukuzwa, na mimi sijafukuzwa, nimeambiwa nipumzike. Marangu nako sitaki tena kwenda, nakuapia, mtu akishakutamkia vile huendi. Kitenge cha mama mkwe nilishanunua doti nzima, siti tatu nilishalipia kabla hajapiga simu, na ya kwangu bado sijairudisha, kijana wa pale ofisini kasema naweza kubadili jina mpaka ijumaa. Watoto siwezi kuwanyima babu yao, hilo wala siulizi. Ila mdogo kaniuliza mama na wewe utakula pilau na nani, nikamwambia na Yesu, akaniangalia tu.

Sasa nikibaki, nikaenda mkesha hapa mtaani peke yangu nikakaa benchi la nyuma, na nikashindwa kujizuia nikalia wakati watu wanaimba, ni kweli nitakuwa nimewaharibia? Na Mungu anakaa na mtu anayelia siku ambayo wenzake wote wanashangilia kuzaliwa kwa mwanaye? Usinijibu kwa mistari Anti, mistari ninayo mingi. Niambie wewe kama ulishawahi kukaa naye hivyo na ulijuaje kwamba ni yeye. Na kama unaona nipande tu gari nikamwangalie shemeji usoni niambie pia, mimi kwenda sitaki ila niambie.

Gari ni jumamosi alfajiri, naomba unijibu kabla. Na jina langu usiweke, wifi zangu wote wanakusoma.