Modela yako si feki, umeichomeka pasipo pake

Malalamiko haya yamekuwa yakija kwa simu na kwa WhatsApp, na safari hii yamewekwa kwenye kundi la wanamuziki watu wote wayaone: kwamba karakana yetu inauza modela feki, yaani vile vifaa vya kidijitali vya gitaa vinavyoiga ampli na spika. Aliyeandika ni kijana, mpiga solo mzuri sana. Ametoa hela nyingi, kaenda na kifaa kwenye shoo ya kwanza, sauti ikatoka nzito, imeziba, na mwenzake wa rithimu aliyepigia ampli ya kawaida akamfunika usiku kucha. Hasira yake tunaielewa. Alipokirudisha kifaa tulikifunga kwenye spika za karakana, tukamwambia apige mwenyewe kwa gitaa lake, na kikalia vile vile kama siku aliyokinunua. Kilichomwangusha ni tundu alilochomeka waya.

Kwa kuwa si yeye peke yake, tunaandika kirefu mara moja. Atakayeuliza tena tutamwelekeza hapa.

Modela haitoi sauti ghafi ya gitaa. Ndani yake mna hesabu zinazoiga kila mahali ambapo sauti ya gitaa hupita: hatua ya kwanza ya ampli, hatua ya nguvu, spika, boksi la spika, mpaka maiki iliyosimamishwa mbele ya boksi. Kinachotoka kwenye waya ni kazi iliyokwisha, tayari kwa kurekodiwa. Sasa wewe unaichukua kazi hiyo iliyokwisha, unaiingiza kwenye tundu la mbele la ampli ya gitaa, ambayo nayo ina hatua yake ya kwanza, hatua yake ya nguvu na spika yake. Inakuwa ampli juu ya ampli. Spika ya gitaa ndivyo ilivyoumbwa, hupunguza sana sauti kali kuanzia kama hezi 5,000 kwenda juu. Ukizipunguza mara mbili, ule mng'ao wa nyuzi unakufa, na hapo ndipo solo inapozama chini ya rithimu.

Kuna waliokosea kinyume chake. Mtu kaambiwa na rafiki "zima boksi", akazima uigaji wa spika ndani ya modela, halafu akachomeka moja kwa moja kwenye mikisa ya kanisani. Spika za kanisa hazipunguzi chochote, kila takataka ya juu inatoka, na gitaa likiwekewa ovadraivu, ile sauti ya kukwaruza, linavuma kama nyuki waliofungiwa kwenye kopo. Huyu naye hutupigia simu kutwambia modela zote ni uongo.

Kwa hiyo shika hivi. Ukienda kwenye mikisa au kwenye spika yenye nguvu yake ndani, uigaji wa boksi uwashwe. Ukienda kwenye ampli ya gitaa, uzimwe, na usiingie kwa mbele: tafuta nyuma ya ampli tundu lililoandikwa Return, ambalo linaruka hatua ya kwanza na kufikia moja kwa moja hatua ya nguvu. Ampli yako ikiwa haina tundu hilo, tuulize kabla hujanunua modela, maana hela ya spika ya kuipigia lazima uihesabu mapema. Mteja anayenunua modela ghali akabakiza hela ya mkate tu, halafu akategemea ampli ndogo ya mazoezi iliyopo nyumbani, ndiye tunayemwona karakana wiki inayofuata.

Jambo la pili ni sauti za kupakua, zilizopangwa tayari na mtu mwingine. Watu wananunua au wanapewa mafurushi ya sauti zilizotengenezwa na mtu wa Ulaya mwenye gitaa tofauti, nyuzi tofauti, vidole tofauti, na wanashangaa hazilii kama kwenye video. Wengine wanatengeneza zao vizuri kabisa, ila wanatengeneza usiku kwa hedifoni, polepole wasiamshe watoto. Sikio la binadamu likisikiliza sauti ndogo linapoteza besi na linapoteza ukali wa juu. Wanasayansi Fletcher na Munson walilipima jambo hili Marekani na kulichapisha mwaka 1933. Ndiyo maana chumbani unaongeza besi, unaongeza ukali, unaona tamu. Ukipandisha sauti jukwaani, vile ulivyoongeza vinakuja vyote kwa pamoja: chini kunavuma, juu kunachoma masikio, na katikati, mahali gitaa linapoishi, pamebaki patupu. Fundi mitambo anashusha gitaa, wewe unasema amekubania.

Sasa tufike kwenye bei, kwa sababu ndiyo inayowauma. Kupanga modela tunatoza shilingi 60,000, na mteja mmoja akatuambia usoni, "Fundi, unanilipisha hela yote hiyo kwa kubonyeza vitufe?" Hebu tueleze vitufe vyenyewe. Unakuja na gitaa lako. Tunapandisha spika mpaka sauti ya ukumbini, tunapiga muziki wa bendi yako chini yake, besi na ngoma zikiwemo, na unapiga juu yake. Tunakata chini ya hezi 80 au 100 ili usigombane na mpiga besi, tunakata juu mahali sikio linapokataa, tunasawazisha kiwango cha sauti kati ya rithimu na solo ili ukikanyaga solo iruke kweli na isimshtue mtu wa mikisa. Tunaangalia kama kifaa kinatoa kiwango cha laini, kile kikubwa, au cha gitaa, kile kidogo, maana wengi wanaojaza mikisa mpaka taa nyekundu ziwake wamekosea hapo tu. Kisha tunahifadhi nakala ya kila kitu kwenye flashi na kukukabidhi. Kazi hiyo inakula nusu ya siku ya kazi, na tukiharakisha utarudi.

Na kusasisha programu ya modela msifanye kiholela. Tuliletewa kifaa kimoja cha mpiga gitaa wa kwaya, kioo cheusi, hakiwaki. Alikuwa anakisasisha kupitia kompyuta ya mezani, umeme ukakatika katikati. Kilifufuka, lakini baada ya kazi ndefu, na sauti zake zote za ibada zilikuwa zimefutika kwa sababu hakuwa na nakala. Tumia laptopu yenye chaji, na modela yenyewe ichomeke kwenye kifaa kinachoshika umeme ukikatika. Huna, njoo nayo hapa, tunafanya bure ukiwa umenunua kwetu.

Wenye ampli za valvu, zile zinazokuza sauti kwa vichupa vya kioo vinavyowaka ndani, wasidhani tumewasahau. Wao ndio wanaotupa kazi inayotutia uchungu, maana ampli hizi zilitengenezwa ili zidumu, na zinauawa na njia za mkato.

Fender Twin Reverb moja ililetwa hapa kwa Bajaji ikiwa imefungwa kwa kamba, kilo 29 za chuma na mbao. Inatoa wati 85 kwa valvu nne za aina ya 6L6. Valvu moja ilikuwa imepiga shoti, fyuzi ikafa, ambayo ndiyo kazi ya fyuzi. Kijana wa bendi akaizungushia karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti ya sigara ili shoo iendelee. Shoo iliendelea kwa nyimbo kadhaa, kisha transfoma ikaungua. Valvu mbili zilizolinganishwa zingemaliza tatizo. Sasa mwenye bendi akaagiza transfoma kutoka nje na kulipia uzito wake kwenye ndege. Alipoona bili alituita wezi. Tulimwonesha ile karatasi, tunaitunza ndani ya droo.

Mwingine alichomoa valvu ya EL84 kwenye redio kuukuu ya babu yake akaipachika kwenye ampli, kwa sababu namba zinafanana. Namba zinafanana kweli. Lakini valvu iliyofanya kazi sebuleni miaka mingi ikifungwa pembeni ya mpya, moja inalala na nyingine inabeba mzigo wa mbili. Na ampli nyingi zenye EL34 au 6L6 zinahitaji kupangwa bayasi, yaani kiasi cha umeme kinachopita kwenye valvu zikiwa zimetulia, kila unapobadilisha valvu za nguvu. Usipopanga, bamba la ndani linawaka jekundu na hela yako inateketea ukiitazama. Tunatoza kupanga bayasi hata kama valvu umekuja nazo mwenyewe. Hatutoi punguzo hapo.

Wanaoleta ampli za volti 120 kutoka Marekani, umeme wetu ni volti 230. Transfoma ndogo ya kushusha umeme uliyonunulia blenda haitoshi. Ampli ya wati 85 za sauti hula umeme mwingi kupita hizo 85. Na usiwashe ampli ya valvu bila spika, hata kwa dakika ya kujaribu tu. Transfoma ya kutolea sauti ndiyo inayoumia, na ndiyo ghali kuliko zote. Usiifungue ampli yenyewe pia. Hata ikiwa imechomolewa, kapasita zake, vile vipande vinavyohifadhi umeme, zinaweza kubaki na volti zaidi ya 400.

Bei ya valvu hatuipangi sisi. Viwanda vinavyotengeneza valvu za ampli za gitaa kwa wingi viko Urusi, Slovakia na China, basi. Mwaka 2022, vita ya Ukraine ilipoanza na Urusi ikazuia bidhaa kadhaa kwenda nje, valvu za kiwanda cha Saratov huko Urusi ziliadimika na bei zikapanda kila mahali. Mteja anayetukumbusha bei ya mwaka 2019 anatukumbusha dunia nyingine.

Kuna tabia moja inayoua modela na valvu bila kubagua, na inaweza kumuua mpigaji mwenyewe: kusukuma kalamu kwenye tundu la ardhi la soketi ili plagi ya pini mbili iingie, au kukata kabisa pini ya tatu. Unapata mvumo usioisha, unatulaumu sisi na jeki zetu. Kisha unaposogeza mdomo kwenye maiki huku umeshika nyuzi, unapigwa na umeme. Tumemwona mwimbaji akitupwa nyuma hivyo mbele ya bibi na bwana harusi. Kubadilisha plagi ni bei ya soda mbili, na hiyo kazi tunaifanya ukisubiri.

Sasa lile swali la kila siku, kipi bora? Wazee wengi wa dansi wanaokuja kutuapia kwamba bila valvu hakuna muziki, tukiwauliza ile sauti safi ya solo waliyoipenda ujanani ilitoka wapi, wanataja Roland JC-120. Ampli hiyo ilitoka mwaka 1975 na haina hata valvu moja. Kwa solo na rithimu za dansi na rumba, zinazotaka sauti safi inayokatika vizuri, modela iliyopangwa kwa umakini inatosha, na hatutamdanganya mtu anunue valvu ili sisi tupate matengenezo. Kanisani vilevile: Twin ikifunguliwa mpaka inapokolea, mchungaji hahubiri. Wanaosema modela inachelewa, nyingi zinachelewesha milisekunde chache tu. Sauti husafiri kama sentimita 34 kwa milisekunde moja, kwa hiyo ukisimama mita moja kutoka kwenye ampli yako tayari una milisekunde tatu. Ukihisi kuchelewa, kagua kwanza kifaa chako cha kurusha sauti ya gitaa bila waya na mikisa ya kidijitali ya ukumbi.

Lakini mtu wa rock au bluzi, anayeongoza ovadraivu kwa vidole, akigusa polepole sauti inasafika na akikaza inakunjamana, huyo tunamwelewa anapokataa kuachana na valvu. Modela zimekaribia sana hapo. Sisi tunaofungua mashine zote mbili kila siku bado tunasikia tofauti tukiwa chumba kimoja na boksi, na tofauti hiyo hupotea maiki ikishawekwa na sauti ikapita kwenye mikisa. Amua utasikilizwa wapi, kisha ununue.

Ukija kupangiwa modela, njoo na gitaa unalopigia jukwaani na adapta yake halisi, si ya kuazima. Volti na ncha za adapta zinatofautiana, na tumeshafukia vifaa kadhaa kwa sababu hiyo. Ampli za valvu tunapokea asubuhi tu, kwa kuwa kila moja lazima iwake saa kadhaa mbele yetu kabla hatujaikabidhi. Na yule kijana wa solo amepangiwa Jumamosi saa nne. Hatutamtoza kitu.