YAH: Prosesa mliyoniuzia, siku sita natazama kioo cheusi

Kwenu wahusika wa duka,

Habari za kazi. Mimi ndio yule niliyekuja Jumatatu ya wiki iliyopita na picha ya madabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, kwenye simu, B450, nikamwambia kabisa kijana wenu wa kaunta kwamba mashine ina prosesa ya Ryzen 3 2200G, kadi ya grafiki ya kutoa picha kwenye kioo haina, nataka kuiongezea nguvu maana nina stesheneri na wanafunzi wa chuo saa hizi wanaleta risechi za kurasa mia mia. Akanipa Ryzen 5 5600, laki mbili na themanini, akasema soketi ni ileile AM4, we chomeka tu bro inawaka.

Haikuwaka. Kwanza kuitoa ya zamani tu ilikuwa kazi, hitisinki, kile chuma cha kuipoza, iling'oka na prosesa imegandia chini yake, pesti inayopakwa katikati yao imekauka kama ukoko, nashukuru Mungu pini hazikupinda. Nikaweka yenu, feni zinazunguka vizuri tu, kioo cheusi tii, na kwenye bodi kuna kataa kekundu kameganda palipoandikwa CPU.

Nikawapigia. Mkasema toa rami uzisugue na kifutio, nimesugua. Toa betri ya bayosi, ile programu ya kwenye bodi inayoamsha mashine, dakika kumi, nimetoa. Siku ya tatu mnaniambia bodi imekufa njoo tukuuzie nyingine!! Imekufa vipi wakati nikirudisha 2200G inawaka mpaka Windows?

Aliyeniokoa ni dogo mmoja jirani mcheza magemu. Kaangalia bayosi, ya 2019. Sasa 5600 imetoka 2022, bodi itamjuaje mtu ambaye alikuwa hajazaliwa? Tukashusha bayosi mpya kwenye tovuti ya waliotengeneza bodi, tukaweka kwenye flashi, tukaiapdeti prosesa ya zamani ikiwa bado ndani, roho mkononi umeme usije ukakatika katikati. Tukarudisha 5600. Kale kataa kakatoka kwenye CPU kakahamia kwenye VGA, yaani upande wa picha, na kioo bado giza. Kumbe 5600 kavu haina grafiki ndani yake, yenye nayo ni ile ya G mwishoni, 5600G, na mimi kebo ya kioo nachomeka kwenye bodi moja kwa moja kama siku zote. Dogo akaleta kadi yake akachomeka, ikawaka palepale.

Kwa hiyo prosesa nzima, bodi nzima, mlichokosea nyie ni kuuza. Bayosi ya lini hamkuuliza, na habari ya kadi niliwaambia mwenyewe bila kuulizwa ikapita sikio la pili. Alafu jana nimeileta mnasema boksi limeshafunguliwa na pesti imepakwa, hairudi. Jamani, ningejuaje haiwaki bila kuifungua? Na kadi ya dogo nilishamrudishia, siwezi kumnyima gemu lake kwa makosa yenu.

Naomba mnibadilishie nipate 5600G, kama bei imezidi nitaongeza, sina shida na hilo, au mnirudishie hela yangu yote. Nauli za kwenda na kurudi nimewasamehe. Jumamosi saa tatu asubuhi nipo hapo kaunta, prosesa nimeifuta pesti yote na spiriti, boksi ninalo na risiti ninayo, na safari hii naomba nihudumiwe na mwenye duka mwenyewe, sio yule kijana.

Mteja wenu wa stesheneri