Kabla programu haijatupa kitu, nipe nikisikie

Mombasa

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo, na mama anakusalimu sana, haishi kuuliza utakuja lini. Nimefurahi mno kusikia umeingia kwenye kundi linalotengeneza programu ya bure ya kusafisha sauti, na nimefurahi zaidi kwamba umetaka kujua sisi tunaokesha na kanda kuukuu tunahitaji nini. Basi nakujibu, univumilie nikirefusha.

Nianze na ninalolitaka kuliko yote. Kabla programu haijaondoa kitu, nipe nisikie hicho kinachoondolewa, chenyewe, peke yake. Audacity, ile programu ya bure ya kuhariri sauti, wanalo jambo hili kwenye sehemu yao ya kupunguza kelele: unaweza kuchagua kusikiliza mabaki badala ya sauti iliyosafishwa. Mimi nalitaka kila mahali, kwenye kuondoa vidoko vya santuri, kwenye mvumo wa umeme, kote. Unaijua rika ya taarabu, ile tari ndogo. Vile visahani vyake vikigongana, kwa kompyuta ni mlio mfupi, mkali, wa juu. Kidoko cha santuri iliyochubuka nacho ni mlio mfupi, mkali, wa juu. Ukiipa programu uhuru mwingi, wimbo unatoka safi na mpiga rika hayupo. Ganuni nayo inanyang'anywa ule mguso wa kwanza wa uzi, ikasikika kama inapigwa chumba cha pili. Na ukisikiliza matokeo tu hutagundua, maana sikio linapenda utulivu. Sikiliza mabaki: utakuta mle ndani mna mdundo, mna mtu anapiga kwa wizani.

Hizi programu mpya za akili mnemba ndizo zinazonitia hofu zaidi. Nyingi zimefunzwa kwa sauti za watu wanaozungumza, zikachanganyiwa kelele, zikaambiwa zibakishe maneno. Sasa bibi mmoja wa mtaani aliniletea kaseti ya harusi yake. Bwana harusi anapoingia, wanawake wanapiga vigelegele ukumbi mzima, na programu ikavifuta vyote ikidhani ni kelele. Akabaki mshereheshaji anatangaza peke yake, utadhani hakuna aliyefurahi. Na yule bibi alichokuwa anakitafuta ni sauti ya marehemu mama yake, ambaye kwenye kanda nzima hana hata sentensi moja. Yumo kwenye vigelegele. Kwa hiyo naomba niweze kuzungushia alama kwenye spektrogramu, ile picha ya sauti, na kusema, hiki kibaki, usikiguse, kisha programu ijifunze kwa alama zangu na kuifuata hukumu hiyo hadi mwisho wa kanda.

La pili ni kasi, na hapa nina wazo ambalo ningependa mlijaribu kweli. Kaseti inatakiwa kwenda sentimita 4.76 kwa sekunde. Lakini harusi zetu nyingi zilirekodiwa kwa redio kaseti za betri, na betri zikianza kufa mota inapungua mwendo. Ukija kuicheza kanda hiyo kwenye deki nzima, kila kitu kinakwenda mbio na mwimbaji mtu mzima anakuwa kama mtoto. Ubaya wake ni kwamba kosa halitulii, linazidi kadiri kanda inavyosonga, kwa hiyo kusahihisha kwa kiwango kimoja kwa kanda nzima hakusaidii.

Lakini ushahidi umo mle mle. Redio ilitumia betri, ndiyo, ila amplifaya ya bendi ilichomekwa ukutani, na spika zake zilikuwa zinavuma mvumo wa umeme wa hezi 50, na maikrofoni ikaunasa. Fungua spektrogramu, vuta karibu kule chini kabisa, utauona: mstari mwembamba unaoanza karibu na 50, kisha unapanda taratibu, hadi mwisho wa upande A uko 53. Kutoka 50 hadi 53 ni kama nusu toni nzima. Juu yake yapo marudio yake, karibu na 100 na 150 mwanzoni, nayo yanapanda pamoja. Ninachoomba ni kuufuata mstari huo kwa kipanya, programu iunyooshe hadi 50, na sauti yote iufuate. Muwe waangalifu na jambo moja: deki yangu nayo ina mvumo wake, na huo umekaa 50 bila kutikisika. Programu isije ikashika huo ikasema kanda ni nzima. Na kama ukumbi ulitumia jenereta, mstari hauaminiki, kwa hiyo uamuzi uachiwe mtu. Wapo wataalamu Marekani wanaofanya kazi ya aina hii kwa kufuata mlio wa bayasi, ule wa juu sana uliowekwa na mashine yenyewe wakati wa kurekodi, lakini unataka vifaa vya kusomea ambavyo mimi sina. Mvumo wa umeme kila mtu anao.

Mengine nitayataja tu. Nikizungusha skrubu ya kichwa cha deki ili kikae sawa na kanda, nataka kuona papo hapo jinsi chaneli mbili zinavyopishana, ili nijue nimefika. Kwa santuri za zamani za mizunguko 78 kwa dakika, nipeni njia ya kutengua RIAA, ile kanuni ya kusawazisha besi na sauti za juu za santuri. Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi kwa kampuni ya santuri ya HMV mwaka 1928, kanuni hiyo haikuwapo, ilikuja 1954. Na mashine nyingi za santuri za siku hizi zinailazimisha kwa kila sahani. Umeme ukikatika, kazi iwe imeshajihifadhi. Na kompyuta yangu ni ya zamani, msinisahau.

Jambo la kumbukumbu lakini si dogo. IASA, jumuiya ya kimataifa ya hifadhi za sauti, inataka nakala ya kwanza iachwe kama ilivyotoka kwenye kanda, angalau kilohezi 48 na biti 24, na 96 ni bora zaidi. Nakala hiyo ninayo. Kinachokosekana ni maelezo ya nilichoifanyia ile ya pili: nilipunguza nini, kwa kiasi gani, dakika ya ngapi. Programu iyaandike yenyewe ndani ya faili, mtu wa miaka hamsini ijayo ayasome na aweze kurudi nyuma.

Kile kitufe kimoja cha kusafisha kila kitu ambacho wenzako wanakitaka, nakusihi kisiwe cha kwanza kuonekana. Watu watakibonyeza, watafuta kanda ya asili, basi.

Nitakutumia dakika tano za upande A wa ile harusi ya yule bibi muujaribu ule mstari. Mwenyewe ameridhia, ila ameomba zisitoke nje ya kundi lenu, na kazi ikikamilika apate nakala kwenye flashi ya kuchomeka kwenye redio yake. Uniambie kama mnapokea faili za FLAC, zile zinazobana sauti bila kupoteza kitu.

Wasalaam,
Swahiba wako