Kabla hujakitoboa kile kisiki

Ndugu yangu Hamisi,

Salamu nyingi, na hongera kwa mtoto kuanza kutembea. Sasa ficha patasi.

Barua yako nimeifurahia mpaka pale uliposema kisiki cha mzizi utakitoboa kiwe taa, na kwamba utakishika kwa mkono kwa kuwa ni kizito, hakiendi popote. Naomba usubiri barua hii ikufikie kwanza.

Uzito haukulindi. Biti ya drili ikiwa bado katikati ya mti, nguvu ya kukizungusha kipande ni ndogo, mkono unaiweza, na hapo ndipo watu wanapojidanganya. Balaa liko mwishoni, ncha inapotokeza upande wa pili. Mti uliobaki ni mwembamba, biti inaudaka badala ya kuukata, na kisiki kizima kinaanza kuzunguka nayo. Chako kina mizizi iliyochomoza huku na huku, kwa hiyo kila mzizi ni rungu. Biti pana ni mbaya zaidi: upana ukiongezeka mara mbili, kwa mwendo uleule wa kushuka, nguvu ya kuzungusha hukaribia mara nne.

Kuna kazi mbili hapa, na mafundi wengi huzichanganya. Moja ni kukifanya kipande kitulie, kisiyumbe. Ya pili ni kukizuia kisizunguke. Mfuko wa mchanga, kwa mfano, unaifanya ile ya kwanza vizuri sana, ya pili hauifanyi kabisa.

Kwa kisiki chako una bahati, maana taa lazima isimame. Anza na kitako: kikate kwa msumeno, kisawazishe kwa randa. Kisha chukua ubao mpana, ukaze skrubu kutoka chini ziingie kwenye kitako, mahali ambapo hakuna atakayeziona na ambapo biti haitazifikia. Skrubu ziwe mbili au zaidi. Moja peke yake inageuka kuwa ekseli. Ubao huo ndio utakaoubana kwenye meza ya drili kwa klampu, sio kisiki. Umbo lake la ovyo halikuhusu tena, unashughulika na ubao tu.

Tundu la waya, tuseme la milimita 10, labda litakuwa refu kuliko biti yako, hivyo utatoboa kutoka juu mpaka katikati, halafu ukigeuze. Matundu mawili yatakutanaje? Kwenye ubao mwingine toboa tundu la milimita 10, uchomeke kijiti cha mviringo kitokeze kidogo. Kabla hujaubana ubao, hakikisha ncha ya biti inashukia katikati ya kijiti. Sasa kisiki kikae kichwa chini, tundu la kwanza likivaa kijiti. Kichwa hakiko sawa, najua. Kitegemeze kwa kabari tatu, uzigandishe kwa gundi ya moto. Tatu, wala si nne: kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi hata sakafu ikiwa na mabonde. Hapo bado kisiki kinaweza kuzunguka juu ya kijiti, kwa hiyo klampu ni lazima, mbili, zikivuta kuelekea chini. Ukimaliza, matone ya spiriti pembeni mwa gundi yataiachisha.

Vipande vingine ulivyovitaja havisumbui hivyo. Tawi la mviringo lilaze kwenye gogo lenye mfereji wa umbo la V, kila upande nyuzi 45, na ushushe biti kwanza bila tawi ili uone inagusa chini kabisa ya mfereji. Kipande ulichokikata kwa mkunjo kutoka kwenye boriti, usitupe masalia: yana umbo lilelile kinyume chake, yanakikumbatia kwenye jiliwa bila kukikwaruza. Kwa kitu kama kokoto, kifunge nailoni, kikandamize kwenye puti juu ya ubao, ungoje ikauke. Lakini mara nyingi, Hamisi, jibu bora ni kutoboa kabla hujachonga. Mbao ikiwa bado ya mraba haina ubishi. Nashangaa watu wanaochonga kinyago chote halafu ndio wanakumbuka tundu.

Jambo la mashine yenyewe. Ukitazama kutoka juu, biti huzunguka kwa mwendo wa mishale ya saa. Basi upande mrefu wa ubao uelekeze kushoto kwako, uegemee ubavu wa kushoto wa nguzo ya drili. Klampu ikiachia, ubao utajigonga kwenye chuma badala ya mbavu zako. Panapotokezea biti weka kipande cha mbao chakavu chini, kinapunguza kule kudaka na tundu linatoka safi. Biti ikitaka kuteleza kwenye mteremko, chonga kwanza kijisehemu bapa kwa patasi. Glavu vua, zinavutwa pamoja na mkono. Na kipande kikichomoka kikaanza kuzunguka, usikidake. Rudi nyuma, zima. Ndiyo maana nataka swichi iwe mahali unapoifikia bila kuinama juu ya meza.

Hukuniambia kama drili uliyonayo ni ya kusimama au ya mkono. Kama ni ya mkono, kisiki kinabanwa vilevile, ila jihadhari: kikigoma kuzunguka, drili ndiyo itakayozunguka na kukunyonga kifundo cha mkono. Tumia ile yenye mpini wa pembeni.

Nipimie upana wa kitako na unene wa meza yako. Nina klampu mbili ndefu ambazo hazina kazi kwa sasa, zikitosha nitakutumia.

Nisalimie wote nyumbani.

Rafiki yako,
Salumu